Kazi mpya kwenye shirika la afya la kimataifa, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mradi ukianza na watu wapya wakiingia maswali ni yaleyale, mengine yanaulizwa ofisini, mengine kwenye gari njiani kwenda Micheweni, na mengine watu wanaona haya kwahiyo wanauliza WhatsApp usiku. Nimeyakusanya hapa. Mashirika hayafanani, mkataba wako na sera za ofisi yako ndo za kufuata, hapa nakwambia tu mambo yanavyokwenda kwa kawaida.

## Kabla hujaripoti

Shirika la afya la kimataifa ni kitu gani khasa, ni hospitali?

Mara nyingi si hospitali. Ni shirika lisilotafuta faida, makao makuu yake yako nje, tuseme London, Geneva, Seattle au Milan, linatafuta pesa kwa wafadhili alafu linafanya kazi za afya kwenye nchi kadhaa. Hapa kwetu mengi yanafanya kazi ubavuni mwa Wizara ya Afya: yanasaidia ugawaji wa dawa za kichocho na matende, ufuatiliaji wa malaria, mafunzo ya wahudumu wa afya wa kujitolea wa shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), maabara, utafiti. Kwa Pemba mfano unaojulikana na kila mtu ni maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000. Maabara ni ya Wizara, na mfuko wa Kiitaliano wenye jina hilohilo umekuwa ukiisaidia toka mwanzo.

Nalisema hili mapema kwasababu kuna watu wanaingia kazini na dhana kwamba shirika lao ndo linaloendesha afya ya kisiwa, basi hao wiki ya kwanza tu washagombana na daktari wa wilaya. Mwenye dhamana ni serikali. Nyinyi mnasaidia, na mnasaidia kwa muda.

Nije na nyaraka gani?

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, namba ya TIN (ya mlipakodi), namba ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar) kama ulishawahi kuajiriwa, akaunti ya benki (wengi huku wanatumia PBZ lakini si lazima), vyeti vya skuli na chuo, picha, na watu wawili watatu wanaoweza kuulizwa habari zako. Kama kazi yako inagusa watoto au wagonjwa usishangae wakitaka na karatasi ya polisi ya kuonesha huna rekodi ya makosa.

Kinachochelewesha watu si nyaraka kukosekana, ni majina. Cheti cha skuli kimeandikwa Hamis, kitambulisho Khamis, benki imekata Mohamed ikaweka Mohd, jina la tatu pengine ni la babu na pengine ni la ukoo. Kwa sisi ni mtu mmoja, kwa mhasibu aliyeko nje ni watu watatu na hamlipi hata mmoja wao. Yasawazishe kabla hujaanza, na yasiyosawazishika nenda ukaape kiapo kwa mwanasheria uwe nacho mkononi.

Nilikuwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, nikifanya kazi kule, huku itakuwaje?

Ukiajiriwa na ofisi ya Zanzibar kwa kawaida unaingizwa ZSSF, ukiwa umeajiriwa na ofisi ya Dar na wewe umeletwa tu huku wanaweza kukubakisha ulipo. Waulize HR kwa maandishi wakujibu kwa maandishi. Usikubali kukatwa kotekote na wala usikubali kutokatwa popote, na baada ya miezi michache nenda ofisi za mfuko mwenyewe ukaangalie kama michango inaingia kweli. Swali la bima ya afya ni hivohivo, uliza mapema kama umeandikishwa kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF) au shirika lina bima yake ya kampuni, na uliza wazee wako wamo au hawamo maana hilo ndo swali la kwanza mamaako atakalokuuliza.

Wenzetu wanaotoka nchi nyingine wajue kwamba mambo ya kazi si ya Muungano, kwahiyo kibali cha kazi cha Bara hakikutoshi huku, Zanzibar inatoa chake.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja tu. Ni kawaida au wananichezea?

Ni kawaida. Mkataba unafuata pesa ya mradi na pesa ya mradi ina tarehe ya mwisho. Kuna watu wapo shirika moja miaka kumi lakini kwa mikataba ya mwaka mwaka. Angalia mambo haya tu: kipindi cha majaribio ni miezi mingapi, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na kuna kifungu gani kinachosema pesa ikikatika nini kitatokea. Hicho kifungu watu hawakisomi, kisome, alafu ruka mpaka chini kwenye swali la mfadhili kujitoa.

## Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza nitafanya kazi gani?

Hakuna. Utasoma sera na utatia saini. Ulinzi wa watoto na watu wanyonge, rushwa na udanganyifu, matumizi ya gari, usalama wa data, mgongano wa maslahi, nyaraka moja nyuma ya nyingine na zote kwa Kiingereza. Watu wanatia saini bila kusoma kwasababu wanaona aibu kukaa nazo. Kaa nazo. Sera ya ulinzi khasa isome yote, mashirika mengi yaliikaza baada ya kashfa ya wafanyakazi wa Oxfam kule Haiti iliyotoka magazetini Februari 2018, na saivi kuvunja kifungu kimoja cha humo unafukuzwa bila barua ya onyo.

Baada ya hapo utapewa laptopu, pasiwedi isiyofunguka, na utawekwa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka uchoke.

Kiingereza changu hakijakaa sawa, nitaweza?

Utaweza. Ripoti na imeili zinataka Kiingereza, lakini kazi yenyewe, ile inayofanya ripoti iwepo, inafanyika kwa Kiswahili na pengine kwa Kipemba khasa. Mtu mwenye Kiingereza cha kumiminika ambaye hajui kuongea na mzee wa Kiuyu akaeleweka hana faida kwenye timu. Andika sentensi fupi, mpe mwenzako apitie, na kwenye miting ya Zoom usipoelewa sema hujaelewa. Wanaokaa kimya wakitikisa kichwa ndo wanaorudi mezani kuulizana "kwani kasemaje yule".

Nivae nini?

Heshima tu. Ofisini shati na suruali, fildi nguo ya kusitiri, wanawake baibui au gauni refu na mtandio hata kama si Muislamu angalau mabega na magoti yafunikwe. Fulana ya mradi vaa ukiwa kazini tu. Ukiivaa sokoni Ijumaa jioni kila mtu atakuuliza mambo ya mradi.

Saa za kazi zikoje?

Ofisi za serikali zinafanya saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu, mashirika mengi yanaanza saa mbili na kumaliza saa kumi au kumi na moja. Ijumaa mchana watu wanakwenda kuswali, usimpange mtu miting saa saba. Ramadhani saa zinapunguzwa (ya fildi nimeyasema chini).

Tabu iko kwenye simu za nje. London wako nyuma yetu saa 2 au 3 kutegemea msimu wao, Geneva 1 au 2, Seattle 10 au 11. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha, kwahiyo mwezi wa tatu, wa kumi na wa kumi na moja kuna watu kibao wanaingia miting saa nzima kabla au baada. Na kwa imeili andika saa kwa mtindo wa 15:00, maana ukimwambia mgeni "saa tisa" akaitafsiri mwenyewe atakuja asubuhi na nyinyi mtamsubiri alasiri. Simu za usiku zikizidi sema. Hakuna mtu Seattle anayejua kwamba wewe unapokea simu ile uko nje ukutani kwasababu ndani mtandao haushiki.

## Pesa

Mshahara wa kwanza utaingia lini?

Kama umeanza katikati ya mwezi kuna uwezekano ukaunganishwa na wa mwezi wa pili, malipo huwa yanafungwa mapema, mengi kabla ya tarehe 15. Weka akiba ya nauli na chakula. Kiwango ulichoambiwa kwenye usaili ni kabla ya kodi na ZSSF, uliza kinachobaki mkononi ni ngapi ndo ukaahidi watu.

Pediem ni nini na nani anapata?

Ni posho ya safari ya kulala nje ya kituo chako, si nyongeza ya mshahara, hata kama nusu ya nchi inaihesabu hivyo. Anayekwenda Mkoani akitokea Chake Chake na kurudi jioni kwa kawaida hapati ya kulala, anapata chakula na usafiri.

Posho za washiriki, yaani wahudumu wa afya, masheha, maafisa wa wilaya mnaowaita kwenye mafunzo, hizo zina viwango vilivyokubaliwa na serikali na wafadhili. Usipandishe kiwango ili watu wakupende. Ukilipa zaidi mara moja, mradi wa jirani hawatopata mtu, na mwakani nyinyi wenyewe bajeti ikishuka watu watasema mmekula. Ukitiwa presha na mkubwa yeyote, mwelekeze kwa meneja, usijibu wewe.

Nimepewa masurufu (pesa ya ofisi ya kutumia kwenye kazi), nayarejeshaje?

Kwa risiti. Za kielektroniki kila panapowezekana, na pale ambapo hazipo, kwa mfano umekodi mtumbwi kwenda Kisiwa Panza, andika karatasi yenye jina, tarehe, kiasi, kazi, namba ya simu na saini ya aliyelipwa. Rejesha ndani ya siku zilizoandikwa, usipite. Watu wanadhani wahasibu wana roho mbaya, lakini mkaguzi akija baada ya miaka miwili hamkuti yule nahodha, anakuta karatasi.

Usitumie pesa ya masurufu kwa dharura ya nyumbani ukitegemea kuirudisha tarehe 25. Hata shilingi elfu kumi.

Hii taimshiti (fomu ya kuandika muda uliofanya kazi) ina maana gani, kwani hawaniamini?

Mshahara wako huenda unalipwa na wafadhili wawili au watatu, mmoja asilimia 60, mwingine 40. Kila mmoja anataka kujua muda wake umetumika kwenye kazi yake, na wale wa pesa za serikali ya Marekani wako makini mno na hili. Jaza ulichofanya kweli, kila siku au kila wiki. Ukiambiwa ujaze asilimia za bajeti bila kuangalia ulichofanya, hapo pana kasoro, uliza.

Binamu yangu anaomba kazi ya ukusanyaji data. Nimsaidie?

Mwambie tangazo limetoka, mwambie lini mwisho, basi. Usikae kwenye jopo lake la usaili, na muandikie meneja mapema kwamba huyu ni jamaa yako. Pemba kila mtu ni jamaa ya mtu, kwahiyo hakuna atakayekushangaa kwa kusema, watakushangaa kwa kuficha. Na akikosa jiandae kulaumiwa kwenye harusi zote za mwaka ule.

## Fildi

Tunaanzia wapi kabla ya kwenda kijijini?

Juu kuja chini. Barua Wizarani, kwa Pemba kwa Afisa Mdhamini wa Wizara ya Afya, kisha mkoa, wilaya na timu ya afya ya wilaya, alafu sheha. Sheha usimpigie simu asubuhi ya siku unayokwenda, mpigie siku mbili tatu kabla, naye awaambie watu wake msikitini na kwa wajumbe. Pale kijijini mchukue mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia hiyohiyo, yeye anajua nani kajifungua, nani kafiwa, nani haongei na nani.

Mnaweza mkawa na kibali cha utafiti chenye mihuri kumi, sheha akisema "sijaambiwa" mnarudi.

Uliza pia habari za bahari. Ukienda Kojani kufanya dodoso la wanaume wakati watu wako dago (kambi za uvuvi mbali na nyumbani) utakuta wanawake, wazee na watoto, na ukiandika kwenye ripoti kwamba wanaume "wamekataa kushiriki" utakuwa umewasingizia. Wameenda kuvua.

Nikifika mlangoni kwa mtu?

Hodi, salamu, subiri. Kama ni mwanamme na ndani pana mwanamke peke yake ongea naye barazani au rudi na mwenzako wa kike. Timu nzuri ina wote wawili. Ukipewa chai kaa unywe, kama umefunga au tumbo halitaki sema kwa adabu. Usitoe tableti kabla hujajieleza wewe nani, umetumwa na nani, unataka nini, itachukua muda gani, na kwamba anaweza kukataa na hatopoteza huduma yoyote kituoni. Hilo la mwisho liseme taratibu, watu wengi hawaliamini kwa mara ya kwanza.

Watu wanauliza "mmetuletea nini?" Niwajibu vipi?

Kweli. Kama mmeleta dawa sema dawa, kama ni maswali tu sema maswali tu. Swali lao lina haki, baadhi ya shehia zimeshaulizwa, zimepimwa mkojo, damu na choo na miradi chungu nzima kabla yako, na majibu hawakuyaona. Ndo maana kurudisha majibu kijijini kuingizwe kwenye mpango na bajeti toka mwanzo, si mwisho pesa ikibaki.

Usiahidi kisima, usiahidi choo cha skuli, usiseme "nitawafikishia wakubwa" kama huna nia ya kufikisha. Mradi una tarehe ya kuisha, jina lako halina. Miaka mitano mbele utarudi shehia ileile na shirika jengine na watakukumbuka wewe, si nembo.

Kuna uvumi kwamba dawa zinaharibu uzazi. Nifanyeje?

Usicheke na usigombe. Ugawaji wa dawa za matende kwa watu wote ulianza Zanzibar mwaka 2001, ivermectin na albendazole kwa pamoja, na dawa za kichocho na minyoo maskulini ziko miaka mingi, kwahiyo wengi unaoongea nao walizimeza wakiwa wadogo na saivi wana watoto. Huo ni ushahidi unaokaa barazani pamoja nao, waache wauone wenyewe.

Alafu waambie madhara ya kweli kabla hawajayapata. Praziquantel ya kichocho inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, khasa mtu akimeza na njaa, ndo maana watoto wale kwanza. Dozi inapimwa kwa kijiti cha urefu, si kwa kukisia. Ivermectin hawapewi wajawazito wala watoto wafupi chini ya sentimita 90. Mzazi aliyeambiwa mtoto anaweza kutapika akatapika kweli, anasema "kweli walisema". Ambaye hakuambiwa anakwenda kuwasimulia majirani, na mwaka unaofuata nusu ya darasa haiji skuli siku ya dawa.

Tafuteni maimamu na walimu wa madrasa mapema, wapeni maelezo kamili na muda wa kuuliza. Kuwaita siku moja kabla ili wawatangazie tu wanaiona, na hawaipendi.

Ramadhani tunafanya kazi?

Ofisini ndio, kwa saa chache. Kugawa dawa za kumeza mchana hapana, mtu amefunga. Dodoso fupi asubuhi linawezekana, jioni watu wako jikoni waache. Damu ya kidole watu watauliza kama inafunguza. Masheikh wengi wanasema haifunguzi lakini wewe si wa kutoa fatwa, mwache amuulize shekhe wake, au mrudie baada ya Idd. Wanaopanga ratiba nje ya nchi wapelekee kalenda ya mwaka mzima mapema, Ramadhani, Idd zote mbili, Maulidi, Mapinduzi tarehe 12 Januari, masika ya mwezi wa tatu mpaka wa tano ambapo njia nyingine za ndani hazipitiki.

Naweza kwenda Pemba kwa boti au lazima ndege?

Soma sera ya safari. Mashirika mengine yanakataza vyombo fulani au safari za usiku, mengine yanaruhusu. Wanaoona ni udhia wakumbuke MV Spice Islander I iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit Julai 2012 ikitokea Dar, hakuna familia huku isiyojua mtu. Sera hizo zimetokana na mambo kama hayo. Ndege kutoka Unguja ni kama nusu saa, boti ni nafuu sana. Wakati wa kusi bahari inachafuka, usipange miting muhimu asubuhi ya kushuka.

## Utafiti na takwimu

Mpaka tuwe na kibali cha maadili ndo tuhoji watu?

Kama ni utafiti, ndio, bila mjadala. Kinatolewa na kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, ZAHREC, iliyo chini ya taasisi ya utafiti ZAHRI. Kibali cha chuo cha Ulaya au cha Bara peke yake hakitoshi. Mkibadilisha dodoso au mkiongeza kuchukua damu mnarudi kamati. Inachukua muda, na mnaowajibika kumwambia mfadhili kwamba inachukua muda ni nyinyi mlioko hapa.

Kwanini tunatumia pesa kutafiti, si tugawe dawa tu?

Kwasababu ya Pemba. Palifanyika hapahapa jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 mpaka 35. Upungufu wa damu ulikuwa mwingi, kila mtu akiona ni jambo la kheri lisilo na shaka. Kamati ya kuangalia usalama ikakuta waliopewa chuma wana hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kulazwa au kufariki, na Agosti 2003 sehemu hiyo ikasimamishwa. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet 2006, na WHO na UNICEF wakabadilisha ushauri wao wa kugawa chuma sehemu zenye malaria.

Sasa fikiria wale wakusanyaji wa data wangekuwa wanajaza fomu chini ya mwembe bila kufika majumbani. Ile tofauti isingeonekana. Kwahiyo ukiona unachoshwa na dodoso la kurasa 14 na kurudia nyumba ambayo hukuwakuta watu, hiyo ndo kazi yenyewe, na kubuni hata jibu moja ni sababu ya kufukuzwa kila shirika ninalolijua. Hukumkuta mtu? Andika hukumkuta.

Nimemkuta jirani yangu kwenye orodha ya wagonjwa. Nifanyeje?

Umeona, umenyamaza. Usimwambie mkeo, usimwambie mumeo, na yeye mwenyewe usimpe pole barazani. Kama kazi inataka umfuate nyumbani muombe mwenzako aende. Kisiwa ni kidogo na ukificha jina tu haitoshi, ukisema "mwalimu mmoja wa skuli ya sehemu fulani ana HIV" ushamtaja. Orodha haipigwi picha kwa simu yako, hairushwi kwenye grupu, na tableti haiachwi kwenye gari.

Kwenye malaria hili linakuja kila mara kwasababu ya namna tunavyofuatilia. Toka 2012 mgonjwa akigundulika kituoni taarifa inaingia kwenye mfumo wa Coconut Surveillance na afisa wa wilaya anamfuata nyumbani kupima wanaoishi naye. Gari la mradi likisimama mlangoni mtaa mzima unajua. Liegesheni mbali kidogo mwende kwa miguu.

## Yale magumu

Mfadhili akijitoa katikati?

Inatokea, na saivi hakuna anayeweza kusema haitotokea kwake. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, watu wengi wakapokea barua za kusimamisha kazi ndani ya siku chache, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikaacha kuendesha miradi. Uingereza nao walishuka kutoka asilimia 0.7 ya pato lao mpaka 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 wakatangaza watafika 0.3 ifikapo 2027.

Kwa upande wako: weka nakala ya mkataba na barua zako zote nyumbani, jua notisi yako, dai likizo ambayo hukuchukua, dai cheti cha kazi. Usichukue mkopo wa miaka mitatu kwa mkataba wa mwaka mmoja, hata afisa wa benki akikwambia inawezekana.

Kwa upande wa kijiji: nenda ukawaage. Ukweli mashirika mengi hili hawaliwekei bajeti na linanikera. Mtu aliyekuwa anakufungulia mlango wake kila mwezi anastahili kuambiwa kwamba hamtokuja tena, na kwamba sasa akitaka dawa au akiona dalili za hatari aende kituo gani. Kama gari hakuna piga simu kwa sheha.

Nimeona mwenzangu anaiba, au anamsumbua msichana kijijini. Niripoti wapi?

Kwenye njia iliyoandikwa katika sera uliyotia saini siku ya kwanza, kwa kawaida kuna mtu maalumu wa ulinzi na kuna namba au imeili ya makao makuu inayopokea bila jina. Usianze uchunguzi wako, usimuite mkakae "mkayamalize kifamilia", na usiende kwa wazazi wa binti na bahasha. Akiwa ni mtoto au kuna jinai ni suala la polisi pia. Andika ulichokiona, lini, wapi, bila maelezo ya kukisia.

Watu wanaogopa kwamba wataonekana wamemharibia mwenzao riziki. Aliyeharibu ni yeye.

Mgeni wa makao makuu anakuja na kamera. Mimi natakiwa nifanye nini?

Umtangulie. Kwa sheha, kwa kituo, na kwa watu wenyewe wanaotaka kupigwa picha, waelezwe itatumika wapi, mpaka kwenye tovuti na mabango ya kuchangisha pesa nje, alafu ndo watie saini. Mtoto wa uchi hapigwi, mwenye matende hapigwi mguu kama tangazo, mwanamke akisema uso wangu usionekane basi usionekane. Mgeni akianza kupiga tu dirishani mwambie asimame, wengi wao ni watu wazuri hawajui tu, na akikasirika atapoa.

Usimtafutie pia "familia maskini zaidi". Ukiombwa hivyo peleka kwenye nyumba ya kawaida.

Wizara wamenipa kazi na huku mkataba bado miezi minne. Niende?

Hesabu kwa utulivu: mshahara utapungua, pensheni na uhakika vitaongezeka. Wengi waliokwenda hawakujuta na baadhi yao ndo leo wanaosaini barua za mashirika. Ukiamua, toa notisi kamili, rejesha masurufu yote, laptopu, tableti na kitambulisho, andika makabidhiano yenye namba za masheha na wahudumu wa kujitolea wa kila shehia, na mpeleke anayekupokea nafasi akajulishwe kwao ana kwa ana kabla hujaondoka.